Sura ya 6: Tundu la Kifungo

Mbona langu halifanani na la dukani?

Hili ni swali la karibu kila anayejifunza kushona, na mara nyingi hulileta kazi ikiwa imeshafika ukingoni. Shati limekatwa vizuri, kola imekaa, mikono imeingia bila mikunjo, pindo la chini limenyooka. Yakaja matundu ya vifungo. La kwanza limepinda kidogo kushoto. La pili ni fupi kuliko la kwanza. La tatu limekatwa uzi pale wembe ulipopita, na sasa linafumuka. Mtu akisimama hatua mbili mbele ya mvaaji haoni mikono wala pindo. Jicho lake linakwenda moja kwa moja kwenye mstari wa vifungo, kwa sababu uko katikati ya kifua.

Wengi huilaumu cherehani. Wengine hukata tamaa, wakawa wanapeleka kila nguo kwa fundi mwenye mashine ya matundu na kumlipa kwa kila tundu. Hata mafundi wenye uzoefu hufanya hivyo msimu wa sare za shule unapobana, na si vibaya. Lakini anayetaka kuimaliza nguo yake mwenyewe hana sababu ya kuliogopa tundu. Nimeona kazi safi kabisa ikitoka kwenye cherehani kuukuu za mkono, na kazi mbovu ikitoka kwenye mashine mpya zenye skrini. Tofauti haikuwa kwenye mashine. Tundu safi huamuliwa kabla sindano haijashuka: kwenye kitambaa kilichoimarishwa, kwenye alama zilizopimwa, na kwenye kipande cha majaribio. Sehemu kubwa ya sura hii inahusu maandalizi hayo. Kushona kwenyewe kunachukua muda mfupi.

Tundu limeundwaje

Chukua shati lolote la dukani, lisogeze kwenye mwanga, utazame tundu moja kwa karibu. Kuna kingo mbili zinazokwenda sambamba, moja kila upande wa mpasuko. Kila ukingo umejazwa mishono ya zigizaga, yaani mishono inayokwenda kulia na kushoto, nayo imebanana hadi kitambaa kilicho chini yake hakionekani. Kila mwisho wa tundu kuna mishono michache mipana inayovuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mishono hiyo nitaiita kizuizi, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia mpasuko usiendelee kuchanika kifungo kinapovutwa. Katikati ya kingo kuna nafasi nyembamba sana, karibu nusu milimita, ambayo haikushonwa kabisa. Hapo ndipo wembe hupita.

Nafasi hiyo ndiyo inayowashinda wengi. Isipokuwepo, kingo hugusana, na ukikata lazima ukate uzi. Ikiwa pana mno, kitambaa kisichoshikwa na mshono hubaki wazi na kuachia nyuzinyuzi kila nguo inapofuliwa.

Sasa piga hesabu kidogo. Tundu la shati la kawaida lina urefu wa milimita 14 hivi. Ukiweka urefu wa mshono kwenye 0.4, maana yake kitambaa kinasogea milimita 0.4 kwa kila mshono, ukingo mmoja unakula karibu mishono 35. Kingo mbili ni 70, bado vizuizi. Mishono yote hiyo inaingia kwenye eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Kitambaa laini hakiwezi kubeba uzi wote huo bila kukunjamana, na hapa ndipo kilio cha matundu yaliyojikunyata kinapoanzia.

Kuna jambo jingine la kushika mapema. Anayeshona tundu kwa mkono hupasua kwanza, kisha huzungushia uzi. Kwa cherehani ya nyumbani mpangilio hugeuka: unashona kwanza, unapasua mwisho. Hii ni heri kubwa kwa mwanafunzi. Kabla ya wembe, tundu lolote baya linaweza kufumuliwa na kushonwa upya. Baada ya wembe, hakuna kurudi nyuma.

Cherehani yako ni ya aina gani?

Kabla ya kufuata maelekezo ya mtu yeyote, jua mashine uliyo nayo.

- Cherehani ya mshono mnyoofu. Hizi ndizo Singer nyeusi za zamani na Butterfly za Shanghai unazoziona kwenye vibaraza vya mafundi, za mkono au za kukanyaga. Sindano yake hupanda na kushuka tu, haiendi kando.
- Cherehani ya zigizaga yenye tundu la hatua nne. Ina kitasa chenye alama za vipande vya tundu. Unakizungusha mwenyewe kutoka hatua moja hadi nyingine.
- Cherehani ya tundu la hatua moja. Unaweka kifungo kwenye mguu maalumu, unakanyaga, na mashine inamaliza tundu zima.

Viwandani kuna aina ya nne, mashine isiyofanya kitu kingine ila matundu. Historia yake ni ndefu: John Reece alianzisha kampuni yake ya mashine za matundu mjini Boston, Marekani, mwaka 1881, na toka wakati huo kiwanda cha mashati hakina haja ya kumkalisha mtu na sindano ya mkono. Ndiyo maana matundu ya dukani yanafanana. Mashine imefungwa kwenye kipimo kimoja, kitambaa kimeimarishwa kwa namna moja, na mshonaji hufanya kazi hiyo hiyo siku nzima. Wewe nyumbani unaweza kuyapata mawili ya kwanza.

Pima kifungo, usikadirie

Vifungo huuzwa kwa namba. Namba 40 ni kifungo chenye upana wa inchi moja, namba 20 ni nusu inchi, na namba 18, ambayo ndiyo ya mashati mengi, ina upana wa milimita 11.4 hivi. Lakini upana peke yake hautoshi. Kifungo hupita kwenye tundu kikiwa kimelazwa ubavu, kwa hiyo unene wake nao unahesabiwa. Kanuni ni hii: urefu wa tundu ni upana wa kifungo ukijumlisha unene wake. Kifungo cha milimita 11.4 chenye unene wa milimita 2.5 kinataka tundu la karibu milimita 14.

Vifungo vyenye mgongo wa mviringo, vile vya magauni na makoti, havipimiki vizuri kwa rula. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe kwenye kifungo pale kilipo kinene zaidi, weka alama karatasi inapokutana, kisha ukunje urefu huo katikati. Nusu uliyoipata ndiyo urefu wa tundu. Njia hii hufaa kwa kifungo cha umbo lolote.

Tundu likiwa refu kuliko inavyotakiwa, shati hujifungua lenyewe ukiinama. Likiwa fupi, mvaaji hulivuta kwa nguvu kila asubuhi na kizuizi huchanika mapema. Kati ya makosa hayo mawili, mimi naona la pili ni baya zaidi kwa sare ya mtoto. Mtoto hafungui kifungo kwa upole.

Mahali pa kuweka matundu

Kwa desturi ya mashati ya leo, matundu ya nguo za kiume huwa upande wa kushoto wa mvaaji, na ya nguo za kike upande wa kulia. Hilo halina mjadala kwa fundi. Linalowachanganya watu ni kama tundu lisimame au lilale.

Fuata mvuto. Kola hubana shingo na kafu hubana kifundo cha mkono, yote mawili yakivutwa kwa kando. Tundu linalolala huruhusu kifungo kitembee kidogo hadi kwenye kizuizi na kutulia hapo, kwa hiyo kola, kafu na ukanda wa kiuno hupewa matundu yanayolala. Ukanda wa mbele wa shati hauvutwi sana. Hapo tundu husimama, likifuata mstari wa ukanda wenyewe, na lina faida ya kuonekana nadhifu kwenye ukanda mwembamba.

Chora kwanza mstari wa katikati ya mbele, yaani mstari ambapo pande mbili za shati zitalaliana. Kifungo hukaa juu ya mstari huo. Tundu linalosimama hukaa juu yake vilevile, na ncha yake ya juu huanza milimita 3 juu ya mahali kifungo kitakaposhonwa. Tundu linalolala huanza milimita 3 kupita mstari huo kuelekea ukingo wa nguo, kisha huingia ndani. Bila milimita hizo 3, nguo ikifungwa pande zake hazikutani sawasawa.

Umbali kati ya tundu na tundu kwenye shati la mtu mzima huwa sentimita 8 hadi 9. Ila kwa blauzi na magauni usianze kugawa kutoka juu. Weka tundu la kwanza sambamba na sehemu pana zaidi ya kifua, ndipo ugawanye juu na chini kutoka hapo. Ukikosea hili, nguo itaachama kifuani hata kama kila tundu ni safi. Kwa mwanamke aliyevaa nguo hiyo ofisini siku nzima, ni aibu ambayo fundi angeweza kumwepusha kwa kupima mara moja.

Imarisha kitambaa

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Kitambaa kinachopokea tundu lazima kiwe kigumu kuliko sehemu nyingine ya nguo. Ukanda wa mbele wa shati hukunjwa, kwa hiyo tayari una tabaka mbili. Kwa tetroni na poplini ongeza katikati yake kitambaa cha gundi, kile kinachobandikwa kwa pasi. Chagua chepesi, usichukue kile kigumu cha kola. Kibandike kabla hujakunja ukanda, pasi ikiwa na moto wa wastani, ukikandamiza na kuinua badala ya kuburuza. Ukiburuza, kitambaa huvutika na gundi hukamatia pale kilipovutika.

Kwa kitenge hali ni nyepesi kidogo, kwa kuwa kikiwa kipya kina ugumu wake. Tatizo ni kwamba ugumu huo mara nyingi hupungua kikifuliwa. Kifue kwanza, ukipige pasi, kisha ukiimarishe. Khanga ni nyepesi zaidi na inahitaji gundi bila swali. Shifoni na vitambaa vingine vinavyoteleza vinataka msaada wa ziada: weka karatasi nyembamba nyeupe chini ya kitambaa, shona juu ya vyote viwili, kisha ichane karatasi taratibu kuelekea kwenye mshono. Usitumie gazeti. Wino wake huhamia kwenye nguo.

Kitambaa kinachonyumbuka, kama cha fulana, kina dawa yake ya zamani ambayo bado haijapata mshindani. Laza uzi mnene, au nyuzi kadhaa zilizosokotwa pamoja, kwenye njia ya kila ukingo, na zigizaga zipite juu yake. Ukimaliza, vuta ncha za uzi huo hadi tundu lirudi kwenye urefu wake, zipitishe nyuma kwa sindano ya mkono na uzifunge. Tundu la namna hiyo halilegei.

Sindano na uzi

Namba ya sindano inasema unene wake: sindano ya 80 ina unene wa milimita 0.80. Kwa poplini, tetroni na khanga tumia 70 au 80. Kwa kaki ya kaptula za shule tumia 90, na kwa jinzi 100. Anza kazi ya matundu na sindano mpya. Sindano butu hukivuta kitambaa badala ya kukitoboa, na kwenye mishono iliyobanana hivi athari yake huonekana mara moja.

Uzi wa kawaida wa poliesta wa kushonea unatosha. Ukitumia uzi mnene wa kudarizi, ongeza nafasi kati ya mishono, la sivyo itajazana na kitambaa hakitasogea.

Mkazo wa uzi unahitaji kuguswa kidogo. Mkazo ni jinsi mashine inavyoubana uzi wa juu na wa bobini. Kwa tundu tunataka uzi wa juu uvutwe kidogo kwenda chini, ili uzi wa bobini usichungulie juu. Punguza mkazo wa juu kwa nusu namba au namba moja. Baadhi ya makasha ya bobini yana kitobo kwenye kidole chake. Ukipitisha uzi wa bobini humo, uzi wa chini unabanwa zaidi bila kugusa skrubu. Ukiona kitobo hicho kwenye kasha lako, jua kimewekwa kwa kazi kama hii.

Kwa ufupi kabla ya kushona: kifungo kimepimwa, mstari wa katikati umechorwa, kitambaa kimebandikwa gundi, sindano ni mpya, mkazo wa juu umelegezwa kidogo.

Kipande cha majaribio

Kata kipande cha kitambaa hicho hicho. Kikunje kama ukanda ulivyokunjwa, weka gundi ile ile ndani yake, kisha ushone tundu zima na ulikate. Pitisha kifungo. Usijaribu kwenye tabaka moja halafu ukashone kwenye tatu, kwa sababu mashine huisukuma kila idadi ya tabaka kwa namna yake.

Tazama hasa kama kingo mbili zinafanana. Kwenye cherehani nyingi za zigizaga ukingo mmoja hushonwa kwenda mbele na mwingine kurudi nyuma, na meno yanayosukuma kitambaa hayasukumi sawa pande zote mbili. Matokeo yake ukingo mmoja hujaa na mwingine huwa na mianya. Cherehani nyingi zina skrubu au kitasa kidogo cha kusawazisha hilo. Kigeuze kidogo sana, shona tena kwenye kipande, linganisha. Endelea hadi jicho lako lisione tofauti. Andika vipimo ulivyovipata kwenye karatasi pamoja na jina la kitambaa, uibane pamoja na kipande chenyewe. Baada ya mwaka utakuwa na mkusanyiko ambao hakuna kitabu kinachoweza kukupa, kwa kuwa ni wa mashine yako.

Kushona

Anza na tundu la chini kabisa, lile linaloingia ndani ya suruali au sketi, kisha panda juu. Ukifika kifuani mkono umeshazoea. Shona matundu yote kwa mwelekeo mmoja, ili kama kuna tofauti ndogo kati ya mwanzo na mwisho wa tundu, ijirudie kila mahali.

Kwa mashine ya hatua nne, hesabu mishono ya kizuizi: minne hadi sita inatosha. Kabla ya kuzungusha kitasa, hakikisha sindano iko juu, nje ya kitambaa. Kikizungushwa sindano ikiwa chini, itapinda au kuvunjika. Shikilia ncha za nyuzi kwa mishono ya mwanzo ili zisijikusanye chini. Nguo nzima iwe imelala juu ya meza. Sehemu inayoning'inia huivuta kazi, na ukingo unaoshonwa dhidi ya uzito huo hubana zaidi ya mwenzake.

Kwa mashine ya hatua moja kuna jambo moja ambalo watu husahau kila siku. Nyuma ya mguu wa tundu, au juu yake ubavuni, kuna mkono mdogo wa kuvuta chini. Huo ndio unaoiambia mashine mguu umefika mwisho na sasa igeuke. Usipouvuta, mashine haijui urefu wa kifungo chako, ikashona mishono michache na kusimama, au ikaenda inakotaka. Wengi wameipeleka mashine kwa fundi kwa sababu ya mkono huo tu.

Karibu na kola kuna pagumu. Hapo tabaka huwa nyingi upande mmoja na chache upande mwingine, mguu huinama, na meno hushindwa kusukuma. Kunja kipande cha kitambaa kwa unene ule ule, ukiweke chini ya upande wa mguu ulioinama ili ukae sawa. Mguu ukishatulia, tundu la kola hushonwa kama mengine.

Mwenye Singer nyeusi au Butterfly afanyeje?

Sindano ya mashine hizi haiendi kando, kwa hiyo kitambaa ndicho kiende. Kiko kifaa cha kufunga badala ya mguu, ambacho Singer na watengenezaji wengine walikiuza kwa miaka mingi kwa ajili ya cherehani za mshono mnyoofu. Kina mkono wenye uma unaokaa kwenye skrubu ya kubana sindano. Kila sindano inapopanda na kushuka, uma huo huendesha gia za ndani, nazo hukiyumbisha kitambaa kulia na kushoto huku zikikizungusha polepole kufuata umbo la tundu. Meno ya cherehani hufunikwa kwa bamba dogo ili yasiingilie. Kwenye aina fulani umbo na urefu hutoka kwenye vibamba vya chuma unavyobadilisha: kimoja cha nusu inchi, kingine cha 5/8 ya inchi, na kuendelea.

Nakipenda kifaa hiki kwa moyo wote. Kikishafungwa sawasawa, matundu yake hufanana, kwa sababu chuma ndicho kinachoamua umbo. Zungusha mara mbili kwa kila tundu na ukingo utakuwa mnene na imara. Kabla ya kukinunua kwa mtu, hakikisha mambo mawili: urefu wa shina la mguu ulingane na wa cherehani yako, na vibamba vyake viwepo. Kipake mafuta ya cherehani, kizungushe kwa mkono bila kitambaa, usikie kama kinakwenda bila kukwama.

Asiye na kifaa hicho ana njia ya kitambaa: kingo za tundu hufunikwa kwa vipande vidogo vya kitambaa vilivyokunjwa badala ya uzi, na mshono mnyoofu unatosha. Ni kazi ya makoti na magauni mazito, na inastahili sura yake yenyewe.

Wembe

Usikate mara tu unapomaliza kushona. Panga pini mbili, moja ndani kidogo ya kila kizuizi, zikivuka tundu. Chukua kifumulio, kile kifaa kidogo chenye ncha kali cha kufumulia mishono. Kichome katikati ya nafasi, sukuma kuelekea pini moja hadi kigote, kisha geuza na uende upande wa pili. Pini ndizo zinazokuzuia usikate kizuizi. Kwa kaki na jinzi, patasi ndogo kali na kipande cha mbao chini yake hukata kwa pigo moja, safi kuliko kifumulio.

Ukiona nyuzinyuzi ndani ya mpasuko, zipunguze kwa mkasi mdogo wenye ncha. Tone dogo la rangi ya kucha isiyo na rangi, likipakwa kwa ncha ya pini, husaidia kwenye kitambaa kinachofumuka sana. Lijaribu kwanza kwenye kipande chako, kwani huacha ugumu na wakati mwingine doa.

Dalili na sababu

Tundu likiharibika, tafuta sababu kabla ya kurudia.

- Kitambaa kimejikunja kati ya kingo: hakikuimarishwa, au mkazo wa juu ni mkubwa.
- Uzi wa bobini unaonekana juu: legeza mkazo wa juu.
- Mishono imejazana mahali pamoja na mashine haisogei: urefu wa mshono ni mdogo mno, au mguu umeinama kwenye tabaka.
- Tundu limepinda: alama ilikuwa nukta tu. Chora mstari mzima, mwanzo hadi mwisho.
- Matundu yametofautiana urefu kwenye mashine ya hatua nne: hukuweka alama za mwisho, ulitegemea jicho.

Vifungo vyenyewe

Kifungo kishonwe baada ya tundu kukatwa, kamwe si kabla. Lalisha pande mbili za shati kama zitakavyovaliwa, choma pini kupitia kila tundu, milimita 3 kutoka ncha ya juu (au, kwa tundu linalolala, kutoka ncha iliyo karibu na ukingo wa nguo), na pale pini inapotokea upande wa pili ndipo pa kifungo. Kwa njia hiyo hata kama tundu moja limesogea kidogo, kifungo chake kitalifuata na shati litafunga bila kuvutana.

Usikibane kifungo hadi kitambaani. Weka njiti ya kibiriti juu ya kifungo wakati unashona, mishono ipite juu yake. Ichomoe, inua kifungo, zungusha uzi mara chache chini yake ili upate shina dogo, kisha funga. Shina hilo huacha nafasi ya unene wa ukanda wenye tundu. Na kama nguo ni sare ya shule, shona kifungo kimoja cha akiba upande wa ndani, karibu na pindo la chini. Kitahitajika kabla ya muhula kwisha.